Ua Uliohama Butihinda

Jumanne hiyo hakimu Jovina alishuka kwenye pikapu ya mahakama huko Butihinda saa tatu asubuhi, joho mkononi, mabuti ya mpira miguuni. Karani wake, Leonardi, alibeba utepe wa kupimia na daftari. Jovina alikuwa mwanamke wa kwanza kukalia kiti cha hakimu mahakamani kwao Gitega. Siku yake ya kwanza mshitakiwa mmoja alimtuma maji ya kunywa. Akampelekea, kisha akapanda kitini akaisikiliza kesi yake, na bwana yule akashindwa kihalali kabisa. Amani ilipopatikana na watu wakaanza kurejea kutoka Tanzania, alihamishiwa Muyinga, ambako kila kilima kilikuwa na kesi ya shamba.

Kesi ya siku hiyo ilikuwa ya Vumilia na kaka yake Egidius. Walikulia ukimbizini, wakala ugali wa sufuria moja, wakarudi na lori moja. Baba yao alifia huko huko, lakini shamba lake lilikuwapo, na Egidius hakuwa mtu mbaya. Alimpa dada yake igiseke, yaani kapu, kama mila inavyotaka: kipande cha kulima mpaka afe, kisha kirudi kwa wanaume. Kwenye igiseke mtu hupanda maharage na viazi. Mti hapandi, kwa kuwa mti ni wa mwenye ardhi. Vumilia alitaka kupanda kahawa amwachie binti yake, Josefina. Hakutaka kingine.

"Kahawa hungoja miaka mitatu, minne, mheshimiwa," alisema. "Mimi nina hamsini na miwili. Siipandi kwa ajili yangu."

"Nami simfukuzi," alisema Egidius. "Alime mpaka achoke. Lakini Josefina akiolewa, shamba la baba liende kwa wakwe?"

Jovina alipima, akavaa joho juu ya mabuti, akasoma hukumu palepale kwenye migomba: watoto wa baba mmoja, mafungu sawa. Alipofunga daftari, ua wa minyaa uliotenga igiseke na shamba la Egidius uling'oa mizizi yake, ukaanza kupanda kilima.

"Iko inatembea, mama," alisema Leonardi. "Niandike?"

"Andika na saa."

Akaandika: saa nne na dakika kumi. Egidius aliuomba ua usubiri kidogo amtoe mbuzi wake, nao ukasubiri. Kisha ukaenda hatua kumi na mbili, ukajipanda upya kwenye mstari aliopima hakimu.

Egidius alikata rufaa. Miezi saba baadaye waliokuwa juu ya Jovina waliifuta hukumu: sheria ya mirathi ilikuwa bado haijaandikwa, na pasipo sheria, mila ndiyo sheria. Leonardi akatumwa kwenda kuusomea ua. Aliusomea kwa Kifaransa, kisha kwa Kirundi, ua usirudi. Egidius alijaribu kuukata kwa panga, utomvu ukamwingia jichoni, Vumilia akamwosha kwa maziwa ya ng'ombe, mambo yakaishia hapo. Kwenye karatasi shamba lote likabaki la Egidius. Kilimani, Vumilia akapanda kahawa.

Jovina aliamua kesi thelathini na moja za namna hiyo, na zote zilifutwa. Nyua zilizohama zilikuwa tisa tu, kwani habari zilifika mpaka Mwakiro, na makaka wengi wakajifunza kufyeka ua kabla pikapu haijafika.

Alipostaafu alirudi Ryansoro, mkoani Gitega, nyumbani kwa marehemu baba yake. Mwaka ule kahawa ilipozaa vizuri, Vumilia alimfuata huko na mfuko wa buni na miche mitatu.

"Shikamoo, mama hakimu."

"Marahaba. Karibu, karibu sana."

Walikaanga, wakatwanga, wakanywa. Vumilia akaweka kikombe chini.

"Nimekuja kushukuru. Najua waliifuta. Lakini siku ile ulivyosoma, ndiyo niliyojua kuwa na mimi nilizaliwa na baba yangu."

Jovina alilia, wala hakujificha. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia neno tamu kama hilo.

"Sasa miche hii tuipande wapi?" aliuliza Vumilia.

"Hapa haiwezekane. Mi niko na igiseke tu, kama we ulivyokuwa. Huku kote ni kwa kaka zangu."

"Na hukushitaki?"

"Ningeshitaki kwa nani? Juge wa kusema vile nilikuwa mi peke yangu. Na mtu hakate kesi yake mwenyewe."

Basi wakatafuta karai la zamani, wakalijaza udongo na samadi, wakapanda miche yote mitatu mlangoni. Karai halina mila. Jovina aliizunguka miche mara mbili, akacheka, akasema kahawa hiyo atainywa, Mungu akipenda.

Mwisho wa shamba lake la maharage ulikuwapo ua wa minyaa. Ulikuwa umeng'oa mizizi tangu siku aliyostaafu, ukasimama palepale, mizizi nje, ukingoja kusomewa. Vumilia aliumwagia maji kabla ya kuondoka.