Karai Chini ya Kompyuta

Jumatatu moja ya Julai 1996, saa mbili na robo asubuhi, fundi Eustace alifungua kompyuta ya mradi wa kupima mashamba, mjini Morogoro. Alichomeka vipande viwili vya kumbukumbu vilivyofika Msamvu kwa basi vikiwa vimefungwa ndani ya soksi mpya. Mashine ilikuwa na megabaiti nne tu. Orodha ya mashamba ya milimani ilikuwa imenenepa hadi programu ikawa inagoma kuifungua, na mkuu wa mradi, Bwana Anselmi, alitaka hati za kwanza zichapwe kabla ya Ijumaa, siku ambayo mwekezaji wa stroberi angekuja kuchukua yake.

Eustace akafunika mashine, akaiwasha, akaingia kwenye ukurasa wa mipangilio, akathibitisha megabaiti nane, akahifadhi. Mashine ikajizima, ikajiwasha, ikahesabu kumbukumbu yote, ikalia mara tatu, kisha ikanyamaza. Kioo kikabaki cheusi. Kutoka kwenye tundu la disketi ulikuwa unamwagika udongo.

"Hapa kuna mkono wa mtu," alisema Bwana Anselmi.

Hakuwa mtu wa kushangaa. Alikuwa mtu wa kushuku, na katika hilo alikuwa na kipaji. Tangu enzi za ruksa, kila mfanyakazi alipoanza kuwa na biashara yake pembeni, Bwana Anselmi alikuwa anahesabu hata pini za ofisi. Akauliza nani ana ufunguo wa pili. Akaizungushia mashine selotepu na kutia saini juu yake. Kisha akamwita Scholastika, mfagizi, aje asafishe meza.

Scholastika aliuchota udongo kwa kiganja, akaunusa.

"Huu ni wa kwetu Towelo," alisema. "Wa shamba la mama. Tazama vijiwe vya ulanga vinavyong'aa. Na haya makaa ni ya bibi, alikuwa anachomea magugu palepale."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja saa. Hilo ndilo lililomponza. Kuanzia hapo Bwana Anselmi hakumtoa machoni.

Kwa Waluguru shamba hufuata tumbo la mama. Josephina, mama yake Scholastika, alilipata la Towelo kwa mama yake, na baada yake lilikuwa la Scholastika, kisha la binti zake wawili. Baba yake, Fransisko Mkude, ni wa ukoo mwingine. Alililima miaka thelathini kwa sababu ya kuoa pale, na hakuna aliyebisha kwamba ni mgeni mwenye jembe, hata yeye mwenyewe. Kisha wakaja vijana wa mradi na fomu yenye nafasi ya jina moja, la mkuu wa kaya. Fransisko alikuwa kibarazani. Josephina alikuwa bondeni anachuma njegere. Fransisko akataja jina lake. Kwaresima Josephina akafariki, na Mei Fransisko akamuuzia shamba mwekezaji wa stroberi. Kilichobaki kilikuwa hati tu.

Jumanne selotepu ilikutwa nzima na saini yake, na mezani kulikuwa na udongo wa kujaza kopo la maziwa. Eustace aliiamsha mashine kwa disketi, akabonyeza kitufe cha kuifanya iulize kila mstari wa mipangilio kabla ya kuufuata, ndiyo au hapana. Mistari mitano ya kumbukumbu aliijua, maana aliiandika mwenyewe. Wa sita hakuuandika. Uliuliza kwa Kiswahili: Shamba la Towelo ni la Fransisko Mkude, ndiyo au hapana?

"Labda ni toleo jipya," alisema Eustace. Alikuwa mtu wa Bukoba na hakupenda kuingilia mambo ya wenyewe.

Akabonyeza ndiyo. Milio mitatu, giza, kopo la udongo. Akachomoa kipande kimoja, akakihamisha, akapunguza hesabu ya kumbukumbu, akairudisha. Kila alipojibu ndiyo, mashine ilikufa na kutapika. Saa saba Bwana Anselmi alipokwenda kula, Eustace alimwita Scholastika.

"Dada, hebu jibu wewe. Mimi nimechoka."

"Nibonyeze ipi?"

"Unayoijua."

Akabonyeza hapana. Mashine ikawaka bila mlio hata mmoja. Megabaiti zote nane zikafanya kazi, orodha ikafunguka yote, na kwenye shamba la Towelo kulikuwa na jina la Josephina, chini yake Scholastika, chini yake wale mabinti, mkubwa kwanza. Scholastika alisoma mara mbili. Alifurahi, akakaa kwenye kiti cha Bwana Anselmi asome tena. Hapo ndipo Bwana Anselmi alipomkuta.

"Nani amekutuma?"

"Mashine imeuliza, bosi. Nimejibu."

"Na udongo unaupitishia wapi?"

Jumatano aliitwa Fransisko. Alikuja na kofia mkononi.

"Shikamoo baba," alisema Scholastika.

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, lile shamba ni la nani?"

Fransisko aliitazama kofia yake. "Mimi waliniuliza mkuu wa kaya ni nani. Nikajibu nilichoulizwa."

"Na shamba?"

"Shamba hawakuuliza."

"Inatosha, mzee," alisema Bwana Anselmi, akaandika.

Scholastika alimchukia baba yake kweli kweli, kwa muda wa pumzi moja. Kisha akaona kola ya shati lake, ile aliyoigeuza na kuishona mama, akashindwa kuendelea.

Alhamisi Eustace alipata dawa. Kwenye faili la kuwashia aliongeza mstari wa kujibu ndiyo kwa kila swali, na mwingine wa kuikataza mashine kumsubiri mtu. Ikawaka. Udongo haukukoma, ila sasa ulishuka taratibu kila asubuhi bila kuzuia kazi, na Bwana Anselmi akasema hata bati la ofisi huvuja na watu wanaendelea. Likawekwa karai. Ijumaa hati ilichapwa, mwekezaji akaichukua. Eustace aliandika kwenye taarifa yake: Mashine ni nzima. Karai limwagwe kila siku.

Septemba mwekezaji alileta barua ya malalamiko. Shamba lake lilikuwa linadidimia. Miche ilikuwa imebaki inaning'inia kwenye mizizi, na mawe yalikuwa yanachungulia. Bwana Anselmi alisoma barua ile akilitazama karai kwa jicho la pembeni. Akaamua kwamba udongo ule ni mali ya mwenye hati, na kwamba lazima kuna anayeupunguza njiani. Tangu hapo hutiwa kwenye gunia lenye jina la mwekezaji na kupandishwa Towelo kwa Land Rover kila Ijumaa. Scholastika hakufukuzwa, kwa kuwa hakuna mwingine ofisini awezaye kuutofautisha na vumbi la kawaida.

Alasiri, kabla ya kutoka, husachiwa getini na mlinzi, Leonard. Mifuko, pindo la kitenge, viatu. Mwisho hunawa mikono ndani ya beseni.

"Na ule wa kwenye kucha, dada," Leonard alimwambia Ijumaa moja. "Samahani. Ndiyo amri."

Scholastika alisugua kucha. Ulanga ukatua chini ya maji, unang'aa.

"Wewe kwenu ni Kinole, hukohuko milimani, si ndiyo?" aliuliza. "Vijana wa mradi wameshapita kwenu?"

"Wamepita wiki jana. Mimi nilikuwa kazini, dada yangu yuko sokoni na ndizi."

"Nani alijibu?"

"Alikuwepo shemeji."

Leonard alimwaga maji polepole, akakung'utia masalia kwenye gunia, akalifunga kamba.

Jumatatu Scholastika alikuta udongo umefurika hadi mlangoni, na nusu yake haikuwa ya Towelo. Alimwomba Bwana Anselmi karai la pili. Bwana Anselmi alilitoa stoo, akamsainisha.