Watu wa Paa

Katika vibanda vya vitabu vya mitumba vya Azbakia, kila muuzaji hudai kwamba anajua vitabu. Bahgat alidai kwamba anajua watu. Mteja akisimama mbele ya meza yake, alimtazama viatu, akatazama ni kitabu gani alichokigusa kwanza, kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka na kumtolea kitabu ambacho mteja mwenyewe hakujua kwamba anakitafuta. Mara nyingi alipatia. Alipokosea alisema mteja ndiye asiyejijua, na hapo Fikri wa kibanda cha jirani, muuza kamusi na vitabu vya mitihani, alicheka mpaka chai ikampalia.

Kwa Bahgat, binadamu walikuwa wakaazi wa nyumba moja ya ghorofa. Kuna watu wa sakafu, wanaotaka kitabu cha kuwafundisha kupika, kutengeneza friji au kushinda mtihani. Kuna watu wa dirisha, ambao hawashibi habari za wenzao, nani kampenda nani na nani kaachwa. Halafu kuna watu wa paa. Hao ndio wa hadithi za majini, za miji iliyozama baharini, za vyombo vinavyosafiri kwenye nyota. Hao Bahgat aliwapenda kuliko wote, na wala hakuficha. Rafu iliyokuwa nyuma ya kiti chake ilikuwa yao peke yao, na kila kitabu alichomwekea mtu alikichomekea kikaratasi chenye jina lake.

Kila mtu ana ugonjwa wake, na wa Bahgat ulikuwa kusifiwa. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wetu akisifiwa alilikoleza, na hakuacha kumimina mpaka kibuyu kikauke.

Dokta Mamduh alikuja mwezi wa Aprili, siku ya upepo wa vumbi, wateja wakiwa wa kuhesabika. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, nadhifu, mpole wa sauti, kalamu mbili mfukoni mwa shati. Alijitambulisha kuwa ni mtafiti wa mambo ya nafsi. Alisema anachunguza hulka za watu, na kwa nini hulka moja hufurahia hadithi za ajabu na za sayansi wakati nyingine haiwezi hata kurasa tatu. Wenzake wanatumia madodoso na kompyuta, alisema, lakini yeye ameambiwa yuko mtu Azbakia anayeona kwa jicho tupu kile ambacho wao wanakitafuta mwaka mzima.

Maneno hayo yalitosha kummaliza Bahgat. Aliagiza chai ya mnanaa, akampa mgeni kiti chake mwenyewe, naye akakaa juu ya rundo la majarida kama mwanafunzi.

Dokta alieleza kwamba kwa mujibu wa tafiti, wenye mioyo iliyo wazi kwa mambo mageni ndio wanaozipenda hadithi hizo, na wapenda utaratibu huzikwepa. Bahgat akamsikiliza kwa huruma. Akamwambia hiyo ni nusu tu ya habari.

“Watu wa paa wenyewe ni wa namna mbili,” alisema. “Yuko anayepanda kukimbia kelele za nyumbani. Akishapunga upepo na kushiba nyota, anashuka, anakula na wenzake, analala. Huyo hana neno na mtu. Na yuko wa pili. Huyo akifika juu anatazama chini. Anaangalia nyumba ilivyojengwa, ukuta upi umepinda, nani kapewa chumba chenye jua na nani kasukumwa gizani. Ukimpa hadithi ya sayari ya mbali, yeye anaona ramani ya nyumba nyingine.”

Kalamu ya Dokta ilisimama kidogo.

“Na unawatofautishaje, ami Bahgat?”

Bahgat alikuwa amelingoja swali hilo miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kumwuliza, hata marehemu mkewe. Akafunguka. Wa kwanza, alisema, akirudi huuliza kama hadithi ina kitabu cha pili. Wa pili huuliza ni nani aliyekuwa akiutawala mji ule, na kwa nini watu walimkubali. Wa kwanza hutunza kitabu kikabaki kisafi; wa pili hukijaza maandishi ya penseli pembezoni. Dokta akaomba mifano, na mifano ilikuwepo tele. Alimweleza Dokta habari za mhandisi Rauf wa idara ya maji, anavyonusa karatasi kabla ya kusoma, anavyokasirishwa na wafalme wa hadithini kana kwamba wamemkatia mshahara. Rauf peke yake alichukua nusu saa. Alimweleza habari za Madiha, mwalimu wa jiografia, aliyewahi kusimama pale pale akipanga upya sheria za ufalme wa majini, kifungu kwa kifungu. Alimweleza pia habari za mapacha wawili wanaosomea sheria, na hata za bwana mmoja wa sakafu anayesoma habari za kuotesha nywele. Dokta alipouliza majina, kwa ajili ya mpangilio tu, Bahgat aligeukia rafu ya nyuma akasoma vikaratasi kimoja kimoja. Vilikuwa kumi na tisa, na kwa kila kimoja alisema ni mtu wa paa wa namna ipi.

Mgeni alipoondoka, Fikri alichungulia kutoka kibandani kwake akauliza yule ni wa chuo gani. Bahgat akajibu kwamba hakuuliza, kwani mtu mwenye adabu kama yule hahojiwi.

“Sawa, alhaji,” Fikri akasema. “Na yeye mwenyewe umemweka wapi? Sakafuni, dirishani au paani?”

Bahgat alitafuta kichwani ni kitabu gani mgeni alichokigusa kwanza. Mtu yule alikuwa amekaa saa mbili katikati ya vitabu elfu tatu na hakugusa hata kimoja.

Mhandisi Rauf hakuwa mtu wa kukosa Alhamisi. Alhamisi ile hakuja, na iliyofuata hakuja. Bahgat akajiambia ni homa, msimu ulikuwa wa homa. Kisha akaja mdogo wake Madiha, kijana mwenye ndevu za siku tatu, akibeba magunia mawili ya vitabu vya dada yake. Alitaka kuviacha vyote, kwa bei yoyote, hata bure. Bahgat alipovifungua alikuta kila ukurasa uliokuwa na penseli umekatwa pembezoni kwa mkasi, na baadhi ya vitabu vilikuwa vimebaki na ukanda mwembamba wa maneno katikati. Akamwuliza kama dada yake hajambo.

“Ukinipenda, ami, usiniulize,” kijana akasema, macho yakiwa chini. “Na mtu mwingine akikuuliza, wewe humjui.”

Siku ile Bahgat hakuuza kitu. Aliyaandika upya majina yote kumi na tisa kwenye vikaratasi akavipanga mezani mafungu mawili, wale wanaopanda kukimbia kelele upande wa kushoto na wale wengine upande wa kulia. Fungu la kushoto lilikuwa na watu kumi na mmoja. Wote kumi na mmoja walikuwa wamepita mwezi ule, wamecheka, wamelalamikia bei, wameondoka na vitabu vyao. Fungu la kulia lilikuwa na watu wanane, na tangu Dokta aondoke hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amekanyaga pale. Alivihesabu tena na tena. Majuto ni mjukuu, na huyu mjukuu alikuja na nduguze wote.

Katika vile vikaratasi kimoja tu hakikuwemo, nacho ni cha Nihal. Alikuwa amechukua vitabu vyake siku moja kabla Dokta hajaja, basi rafuni hapakuwa na jina lake la kusomwa. Nihal alikuwa mfamasia wa miaka ishirini na sita. Alianza kuja pale akiwa na miaka minane, ameshikwa mkono na baba yake, na baba alipofariki aliendelea kuja peke yake. Bahgat hakujaliwa mtoto, na bila kumwambia mtu alikuwa amejifanya baba. Kama kulikuwa na mtu wa paa wa namna ya pili, aliyekamilika mpaka kwenye mifupa, ni huyo. Alikuwa hata anaandika hadithi yake mwenyewe, ya mji ambao watu wake walihama kimyakimya, familia moja kila siku, mpaka watawala wakabaki wanatoa amri kwa viti.

Alikuja Jumanne, saa nne asubuhi, akiwa na miwani yake ya buluu na sambusa mbili za jibini, moja ya ami yake. Bahgat alimwambia asije tena kwa muda. Alipoulizwa kwa nini, alizungumzia vumbi, akazungumzia ukarabati wa vibanda, akasema huenda atasafiri kwenda kwao Tanta. Nihal alimsikiliza akitabasamu kama anayemsikiliza mgonjwa akikana kwamba amesahau dawa.

“Ami, nimekukosea nini?”

Hapa ndipo ninapomlaumu mimi, si kule mwanzo. Kule mwanzo alidanganywa, na nani hajawahi kudanganywa na mtu aliyemsifu. Lakini Jumanne ile sentensi moja ingetosha: nimewataja watu, nao wanachukuliwa, ondoka mjini. Aliuhisi ukweli umefika kooni. Ila kuusema kulitaka aone uso wa Nihal ukibadilika, na hilo hakuliweza. Alimwambia hajakosea kitu, akamwomba tu aende kazini, naye akaenda.

Kesho yake Dokta Mamduh alirudi. Safari hii hakutoa karatasi. Aliagiza chai yeye mwenyewe, akalipa, akashukuru kwa msaada, akasema utafiti umekaribia mwisho na kwamba mchango wa ami Bahgat haukuwa na mfano. Bahgat alijishughulisha kupanga majarida mezani.

“Jambo moja dogo,” Dokta akasema. “Jana alisimama hapa msichana mwenye miwani ya buluu. Huyo ni wa ghorofa ipi?”

“Wa sakafu,” Bahgat akajibu. “Ananunua vitabu vya mapishi.”

Aliridhika na jibu lake. Lilikuwa fupi na lilitoka haraka, bila kigugumizi. Dokta alikunywa chai yake taratibu, akaweka bilauri, akamtazama kwa upole ule ule wa siku ya kwanza.

“Mhandisi ulinieleza nusu saa,” alisema. “Mpaka namna anavyonusa karatasi. Hata yule bwana anayesoma habari za kuotesha nywele ulimpa dakika kumi, na ulifurahi kila dakika. Huyu umempa maneno sita.” Akaisogeza bilauri kando. “Wallahi, ami, sikuwa na haja naye. Niliuliza kwa mazungumzo tu.”

Bahgat akasema hamjui, ni mteja wa kupita, hata jina lake hajawahi kulisikia.

“Wewe,” Dokta akasema, “hujui jina la mteja.”

Hakupaza sauti wala hakukasirika. Alisimama, akakung'uta vumbi kwenye suruali, akasema kwa bahati mbaya hana jina wala mahali, itabidi aulize huku na huku, pengine itamchukua wiki nzima. Akampa mkono. Kisha akaondoka kuelekea uwanjani, polepole, kama mtu aliyemaliza kazi zake za siku, na hakugeuka nyuma.

Wiki nzima. Maneno hayo yaligonga kichwani mwa Bahgat kama kengele ya shule. Wiki nzima ni muda mwingi. Mtu anaweza kufika Aswan, anaweza kufika hata ng'ambo. Alingoja mpaka shati la Dokta likapotea kati ya watu, akangoja tena kidogo kwa tahadhari, halafu akaondoka bila kufunika vitabu. Fikri alimwita, hakuitika. Alishuka ngazi za metro ya Ataba akikimbia, yeye mwenye magoti yasiyokubali hata ngazi za nyumbani kwake, akasimama stesheni tatu nzima akiwa ameshika bomba, akijifunza maneno aliyoshindwa kuyasema jana. Safari hii atayasema yote. Amlaani akitaka, lakini awe mbali.

Alitokea Rod el-Farag kwenye jua kali la adhuhuri, akapita muuza matikiti, akapita msikiti, akasukuma mlango wa duka la dawa. Nihal alikuwa nyuma ya kaunta na koti lake jeupe, akimwandikia mama mmoja kwenye chupa ya dawa ya kikohozi vijiko vingapi kwa siku. Alipomwona aling'aa uso mzima, kisha akaona jasho lake, tabasamu likafifia.

Bahgat aliegemea kaunta. Pumzi zilikuwa hazitoshi, akazitumia zile zilizokuwepo.

“Vua hilo koti, mwanangu, utokee mlango wa nyuma. Usipite nyumbani. Mimi ndiye niliyewataja Rauf na wenzake, niliwataja mimi kwa mdomo wangu, na sasa wanakutafuta. Lakini wewe hawakujui jina, hawajui unapofanya kazi. Tunayo wiki nzima.”

Nihal hakuvua koti. Alikuwa hamtazami yeye tena. Alikuwa akitazama nyuma ya bega lake, mlangoni, na mkono wake ulikuwa bado umeshika kalamu juu ya chupa.

“Ami,” alisema kwa sauti ya chini, “na huyu uliyekuja naye?”