Msikilizaji Mmoja, Tena Amelala

Mtu wa kwanza niliyemhubiria alikimbia. Sisemi alikataa, maana kukataa kuna heshima yake. Huyu alitoka mbio, akaruka rundo la mbao mlangoni kama paa, na hadi leo hajarudi kuchukua kofia yake.

Kosa lilikuwa langu, nakiri. Lakini nisikilize kwanza.

Karakana yetu ni ya baba mdogo, yaani mdogo wake baba yangu. Upande wa kushoto tunatengeneza vitanda na kabati, upande wa kulia majeneza. Baba mdogo anasema binadamu ni mteja wake mara mbili, na zote mbili ni za kulala. Ana sheria zake. Mojawapo ni kwamba mtu akiagiza kitanda lazima apimwe yeye mwenyewe, utosi hadi kisigino, ili miguu isije ikaning'inia nje.

Basi Jumatatu akaja mwanaume mmoja mrefu kama nguzo ya umeme, anataka kitanda. Nikamsimamisha wima, nikachukua tepu, nikaanza kupima. Nikakumbuka kwamba darasa la uinjilisti kanisani tulipewa kazi ya kumhubiria walau mtu mmoja kabla ya Jumapili. Mwalimu wetu, mama mmoja mwenye sauti ya kengele ya shule, alitufundisha hatua saba, na hatua ya kwanza ni swali. Nikaliuliza kwa upole kabisa, nimechuchumaa, tepu iko kisiginoni:

"Kaka, ukifa leo utaamkia wapi?"

Akaniangalia mimi. Akaangalia tepu. Akaangalia upande wa kulia, majeneza matatu yamesimama ukutani, moja halina kifuniko. Mengine nimeshasema.

Baba mdogo alikuwa kwenye benchi lake anapiga msasa.

"Redio," akaniita. Hilo ndilo jina analoniita tangu nikiwa mdogo, kwa sababu sizimiki. "Umemwambia nini yule bwana?"

"Nimemuuliza akifa leo ataamkia wapi."

"Ukiwa umeshika tepu?"

"Nilikuwa nimeishika, ndiyo."

"Umempima mpaka wapi?"

"Nilikuwa nimemaliza, baba."

Akacheka. Baba mdogo akicheka bati linatikisika. Akacheka mpaka akaegemea benchi, halafu ghafla akashika tumbo na kicheko kikakatika. Akabaki ameinama, anapumua kwa mdomo. Mimi na Kimya tukaangalia chini. Kimya ni fundi mwenzangu, na jina lake linajieleza. Kwa wiki anasema maneno kumi, na matano kati ya hayo ni "lete gundi".

Sasa niseme kilichokuwa kinaninyima usingizi. Baba mdogo alikuwa na uvimbe tumboni, na alipangiwa kupasuliwa Alhamisi. Daktari alimwambia anaweza kuamka na anaweza asiamke. Yeye alituletea habari hiyo tukiwa mezani, kama mtu anayesema mbao zitachelewa. "Nusu kwa nusu," akasema, "naomba chumvi."

Na mimi nilikuwa nimeokoka mwezi mmoja uliopita. Kwa mwezi mzima nilikuwa na habari ambayo niliamini ndiyo pekee inayomfaa mtu wa nusu kwa nusu, na sikuwa nimemwambia neno. Ningemwambia mrefu yule, ningemwambia dunia nzima na viunga vyake. Yeye, hapana.

Kwa nini? Kwa sababu ananijua. Utamhubirije mtu aliyekukamata ukilamba sukari, akakukamata tena ukisema ni paka? Kama uongo ungekuwa na shahada, mimi ningekuwa profesa, na yeye ndiye aliyehudhuria mihadhara yote.

Kilele kilikuwa meza ya mama mmoja, mwalimu mkuu wa shule ya jirani. Aliagiza meza ya mti mgumu. Baba mdogo alikuwa safarini, nikaitengeneza mimi kwa paini laini, nikaipaka rangi nyeusi na vanishi mpaka ikang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Akauliza, "Kweli huu ni mti mgumu?" Nikaapa kwa jina la Mungu, mara tatu, nikaigonga na kidole kusindikiza. Baada ya miezi miwili meza ilibonyea katikati kama bembea. Baba mdogo akamtengenezea nyingine kwa mikono yake, tukaibeba wote wawili, akanipeleka nikaombe radhi. Nikaomba radhi. Nikasema ni unyevu wa hewa.

Mtu huyohuyo sasa aende akamwambie, "Baba mdogo, nina ukweli." Thubutu!

Nilipeleka shida yangu kwa mwalimu wa darasa. Nikamwambia, mwalimu, mimi sifai, nitume kwa watu wasionifahamu.

Akaniangalia juu ya miwani. "Nani kakuambia unafaa?"

"Si ndiyo nasema…"

"Mimi nilisema unafaa?"

"Hapana."

"Basi tusibishane. Kaseme."

Nilitaka kufarijiwa, nikapata hiyo.

Jumanne nikanyamaza. Jumatano asubuhi baba mdogo akaja na kupiga misumari ya mwisho kwenye jeneza alilokuwa akilitengeneza wiki nzima, peke yake, la mti mgumu wa kweli, pembe zimeumana mpaka huwezi kupitisha unywele. Tulijua ni la nani. Alikuwa ameshasema: "Siwezi kuzikwa kwenye kazi ya Redio. Nitabonyea."

Sheria yake nyingine ni kwamba jeneza halitoki karakana mpaka mtu mzima na hai alale ndani kulijaribu. "Maiti hana mdomo," husema, "kwa hiyo mwazime wako." Huwa tunapokezana, mimi na Kimya. Kimya akilala ndani huwa anasinzia kabisa, na siku moja alipoamka na kukaa, mama aliyekuja kuangalia kabati alizimia, tukammwagia maji ndoo nzima.

Lakini hilo la Jumatano baba mdogo alisema atalijaribu mwenyewe. Akavua ndala, akaingia taratibu, mkono mmoja tumboni, akajilaza. Akatikisa mabega kushoto, kulia.

"Mabega yako huru," akatangaza. "Redio, lete kifuniko nione kama kinakaa."

"Baba, hapana."

"Lete, bwana, si nitazoea?"

Nikaleta, nikakiweka mpaka kifuani tu, uso nikauacha wazi. Nikabaki nimekishika. Ndipo Kimya, ambaye alikuwa anachonga mguu wa kitanda kule nyuma, akaweka patasi chini na kutumia karibu nusu ya maneno yake ya wiki:

"Kesho anaenda. Sema leo."

Akaokota patasi, akaendelea kuchonga.

Baba mdogo akageuza macho. "Aseme nini?"

Hatua saba? Sikukumbuka hata moja. Swali la kwanza lenyewe, nani ana ujasiri wa kumuuliza mtu aliyelala humo kwamba akifa leo itakuwaje? Nikadandia pale mdomo ulipofunguka.

"Yesu alikufa," nikasema.

"Pole," akasema baba mdogo.

"Baba, usinichekeshe. Alikufa kwa ajili… yaani, makosa yalikuwa yetu, akayabeba yeye. Akazikwa. Na hata kaburi lilikuwa la kuazima."

"La kuazima?"

"La tajiri mmoja. Alilala siku ya kwanza, siku ya pili, ya tatu akafufuka, akaliacha tupu."

Baba mdogo akatafakari. "Wateja wa namna hiyo wakiwa wengi sisi tutafunga karakana."

"Ndiyo maana yake, baba. Siku moja tutafunga."

Halafu akauliza kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake. "Nani alimwona?"

"Wanawake waliotangulia kaburini. Halafu rafiki zake. Wenyewe walikuwa wamejifungia ndani kwa woga. Mkubwa wao alikuwa ameshaapa mara tatu kwamba hata hamjui."

"Aliapa?"

"Aliapa."

"Mara tatu, kama wewe na meza."

"Kama mimi na meza."

"Na huyo ndiye aliyetumwa kwenda kutangaza?"

"Huyohuyo."

"Hawakuwepo watu wengine mjini?"

Sikuwa na jibu la darasani, nikatoa lililokuwepo. "Nadhani, baba, kama wangetumwa watu safi, watu wangesema habari ni nzuri kwa sababu ya waliozileta."

Patasi ya Kimya ilikuwa imetulia. Baba mdogo akaangalia dari.

"Redio, mimi nakupenda, lakini wewe ni mwongo. Kwa nini nikuamini?"

Swali lenyewe hilo, lililonifunga mdomo mwezi mzima, limefika lenyewe kwa miguu yake. Na ajabu, lilipofika sikuliogopa tena. Nilikuwa nimesimama kando ya jeneza, nimeshika kifuniko, sina cha kuuza.

"Usiniamini mimi," nikasema. "Mimi ungekuwa mjinga kuniamini. Ila sikulitunga mimi hili jambo, na halisimami kwa sababu mimi nalisema. Amefufuka hata kama nimelamba sukari. Kama ni uongo, hata aje malaika hapa alisome kwa sauti tamu, ni uongo. Kama ni kweli, ni kweli hata mdomoni mwangu. Mwamini yeye, baba mdogo. Mimi nimetumwa tu, na nimechelewa."

Kimya kikapita. Si yule fundi, kimya chenyewe.

"Ulipomwapia mwalimu mkuu," baba mdogo akasema, "ulitetemeka?"

"Hata kidogo."

"Uliteleza kama sabuni."

"Niliteleza."

"Sasa hivi kifuniko kinagonga jeneza toka ulipoanza. Nilidhani ni panya." Akashusha pumzi. "Tangu nikulee sijawahi kukusikia ukisema kitu vibaya namna hii. Haya. Huyo Yesu anataka nini kwangu?"

"Utubu, umwamini."

"Nitubu nini? Nimewahi kuuza paini, mimi?"

Hapo ningeweza kupoza. Mtu anapasuliwa kesho, si umwambie maneno laini ukamshukuru kwa kusikiliza? Lakini nilishaanza.

"Baba yangu, kaka yako, hujamsalimia miaka sita."

Sura yake ikafunga. Akasukuma kifuniko, akakaa, akatoka nje ya jeneza kwa shida, akakataa mkono wangu. Akavaa ndala. Mlangoni akageuka, nikafikiri atanitukana, na afadhali angenitukana. Akaenda zake nyumbani.

Nikakaa kwenye ukingo wa lile jeneza. Mhubiri wa kwanza kukimbiwa na kitanda na jeneza ndani ya wiki moja.

"Nimeharibu," nikamwambia Kimya.

Kimya akafikiri akiba yake imebaki kiasi gani. "Umesema," akajibu.

Usiku ule sikuomba kwa ufasaha. Niliomba tu: Bwana, kazi ni yako, usiiache mikononi mwangu, unaiona mwenyewe mikono yangu. Nikalala, na kitu cha kushangaza ni kwamba nililala vizuri. Kama kazi ingekuwa yangu, ningekesha.

Alhamisi saa mbili asubuhi tulikuwa hospitali, kwenye korido ndefu inayonuka dawa ya kufanyia usafi. Mama mdogo, mke wake, alikuwa ameshika mfuko wa nguo kama kuna mtu anataka kumnyang'anya. Baba mdogo amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, amevishwa lile gauni la hospitali lililo wazi mgongoni, na tayari alikuwa ameshalalamika kwamba gurudumu la mbele linayumba na angeweza kulirekebisha.

Akaniita kwa kidole. Nikainama.

"Nimempigia baba yako alfajiri," akasema.

"Akasemaje?"

"Alidhani ni watu wengine wanatumia simu yangu kutoa taarifa ya msiba. Alianza kulia kabla sijasema kitu. Ilibidi nimbembeleze mimi mgonjwa."

"Halafu?"

"Halafu tukalia wote, usiulize maswali ya kijinga. Yuko njiani." Akapangusa pua kwa shuka. "Sasa yale mengine. Jana sikulala. Nilitafuta pale ulipodanganya, maana wewe huwa huachi kuweka paini mahali. Sikupaona."

"Hakuna, baba."

"Najua hakuna. Ndiyo nakwambia."

Nesi akaja, akaachia breki, akaanza kusukuma. Gurudumu likapiga kelele. Mimi nikatembea pembeni, nikishika chuma cha kitanda.

"Mwambie basi," baba mdogo akasema haraka. "Huyo Yesu. Mwambie nakubali. Mwambie na habari ya kaka yangu, na kiburi, na yale mengine."

"Mwambie mwenyewe. Anakusikia."

"Mimi? Sijawahi kuongea naye, mimi. Sijui maneno ya kanisani."

"Hata yangu jana hayakuwa ya kanisani."

"Naanzaje sasa?"

"Popote."

Tulikuwa tumefika kwenye mlango wenye maandishi mekundu, ambapo wazima wanaishia. Nesi akanyoosha mkono aufungue, akamtazama mgonjwa wake, akaurudisha. Baba mdogo alikuwa amefumba macho. Mikono yake ya fundi, yenye makovu ya patasi, aliikusanya juu ya shuka kama mtu aliyeingia ofisi ya mkubwa bila kubisha hodi. Akakohoa, akasafisha koo.

"Shikamoo," akasema.

Mama mdogo akaweka mfuko chini. Nesi akakanyaga breki, akasubiri amalize.