Usingizi Uliochelewa

Clarrie Tunstall alikata manyoya ya kondoo tangu ujana, na kazi hiyo ikamlipa magoti mabovu. Alipokwenda hospitali mjini Wagga, Australia, kuwekewa goti la bandia, mkewe Verna, ambaye kumbukumbu zilianza kumtoka, alipelekwa kwenye makao ya wazee. Makubaliano yalikuwa wazi: Clarrie akionyesha kwamba anaweza kumwangalia, atarudishiwa mkewe. Asipoweza, Verna abaki huko huko.

Daktari alimwandikia vidonge vya steroidi vya kupunguza uvimbe na maumivu.

"Meza asubuhi ukishakula," mfamasia alimwambia. "Ukimeza jioni, mzee, hulali."

"Binti, maumivu yanakuja usiku. Kondoo wanatoroka usiku, halafu mbwa nimfungulie asubuhi?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Akavimeza kila jioni. Goti likanyamaza kweli, lakini macho yakakataa kufumba. Alikesha akipapasa upande wa kitanda wa Verna, na upweke ukamuuma kuliko kile kidonda. Mchana alijikaza kisabuni, akakunja goti na kulikunjua hadi jasho likamtoka. Hakumwambia mtu kwamba halali, maana aliogopa watu wa makao wasije wakaahirisha siku ya kumjaribu kama anaweza kumwangalia Verna.

Siku ikafika. Sista Glenys, mkuu wa makao, akamketisha na Verna barazani.

"Mzee, ni wako mpaka chakula cha mchana. Usimwache hata kidogo."

"Nimechunga kondoo maelfu, sista, nishindwe na bibi mmoja?"

Verna akamtazama, akatabasamu. "Clarrie! Mbona umekonda hivyo? Nani anakupikia?"

Amemkumbuka! Moyo wa Clarrie ukatulia kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Jua la kipupwe lilimpasha mabega, na mkono wa Verna ulikuwa ndani ya mkono wake. Usingizi uliomkimbia siku zote hizo ukamwingia bila hodi.

Alizinduliwa na kelele. Mkono wake ulikuwa mtupu. Wahudumu walikuwa wakimrudisha Verna kutoka barabarani, miguu peku, na nyuma yao alikuja dereva wa lori la mifugo lililokuwa karibu kumgonga.

Sista Glenys hakumgombeza Clarrie. Angemgombeza, ingekuwa nafuu.

"Mama, ulikuwa unakwenda wapi?" alimuuliza Verna.

"Nyumbani, kumletea Clarrie blanketi. Kalala pale bila kujifunika, maskini."

Jioni ile Clarrie alirudi nyumbani peke yake.