Kikuba cha Bi Tatu

Ndoto ya jana usiku ilinishusha kwenye ukurasa wa kumi na mbili wa riwaya yangu, nikiwa bado na khanga ya kulalia.

Hiyo riwaya naiandika kwa siri. Mimi Sekela ni mwalimu, mtu wa Tukuyu, na hapa Tanga nimepanga kwa Bi Mwanahawa, aliyefiwa na mumewe miezi miwili iliyopita. Anakaa eda: miezi minne na siku kumi hajipambi wala hajitii manukato. Nimemtia kwenye riwaya bila kumwambia, nikambadili jina tu, nikamwita Bi Tatu. Najua si adabu.

Lakini mwenye kosa ni karatasi. Kwenye semina ya uandishi tuligawiwa orodha ya maua na maana zake. Waridi ni penzi. Asumini ni huzuni ya upole. Basi kwenye ukurasa huo wa kumi na mbili, Bi Tatu nikampachika kikuba, kile kishada cha maua cha kifuani, nikakifunga kwa asumini ili huzuni yake ionekane.

Kikuba kikakohoa.

"Nani kakwambia mimi ni huzuni?"

"Karatasi," nikajibu.

"Karatasi imeolewa wapi?"

Nikaitazama karatasi. Ikaangalia pembeni.

"Kuuliza si ujinga, mwalimu," kikuba kikasema. "Mimi hupachikwa na mwanamke anayemngoja mumewe. Wewe umenipachika kwa mjane. Sasa maana yangu lazima itimie, na mume yuko njiani."

Kweli, mtu anabisha hodi. Amevaa suti iliyopigwa pasi, na penye kichwa pana waridi. Anasema ametokea ukurasa wa tisa, ambako nilimweka dirishani kwa urembo tu.

"Nimekuja kuposa," anasema. "Nimeandikwa penzi. Sina kazi nyingine."

Namkaribisha kiti, na papo hapo nyumba inakuwa darasa langu la sita. Madawati ya mbele wamekaa mawifi watatu wa Bi Tatu, dada za marehemu. Wamekuja kunusa. Wao wakishanusa, mtaa mzima unajua.

Wifi mkubwa anavuta pumzi ndefu. "Udongo wa kaburi la kaka yetu haujakauka," anasema, "na huyu ananukia mume."

Bi Tatu amesimama ubaoni, uso kaufunika kwa mikono. "Mwalimu," ananiambia, na sauti ni ya Bi Mwanahawa mwenyewe, "miaka yote na mume wangu hakuna aliyenisema. Leo umenipa wa kunisema."

Nikakivamia kikuba nikivue. Kila ua nililochomoa liliacha mawili.

"Tuliingia kwa kalamu," kikuba kikanikumbusha. "Tutatoka kwa kalamu."

Kalamu nilikuwa nimeiacha Tukuyu. Bahati nzuri Tukuyu ilikuwa chini ya dawati. Nikainama, mvua ikaninyeshea mgongo, nikaiokota kalamu mgombani imejaa tope. Nikaufuta mstari wote wa kikuba, neno kwa neno, huku mawifi wakinihesabia kwa sauti.

Bwana waridi akasimama, akafunga vifungo vya suti. "Na mimi niende wapi?" akauliza kwa heshima.

Nilikuwa bado natafuta jibu nilipoamka.

Jua lilikuwa limeshapanda. Nikatoka uani nikamkuta Bi Mwanahawa mkekani, na nguo zake nyeupe, anachambua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umelala?"

"Nimelala."

Akatoa chuya moja, akaitupa. Hakuinua macho.

"Siku nyingine ukitaka kuniandika, njoo uniulize," akasema. "Marehemu asumini ilimpigisha chafya. Mimi nilikuwa napachika majani ya rehani tu."