Mteja wa Saa Nne

Bi Sikuzani alijaribu mara tatu kumwambia mwanawe jambo lile, na mara zote tatu alishindwa na simu.

Mara ya kwanza walikuwa wanakunywa chai. Alianza tu, "Lulu mwanangu, kuna neno…" simu ikalia. Mara ya pili walikuwa wakianua nguo, Lulu kashika ncha ya shuka kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili. Mara ya tatu Bi Sikuzani alifika hadi kwenye chumba cha uani, akakuta karatasi imebandikwa mlangoni: NIPO KWENYE KIKAO. TAFADHALI USIGONGE. Akasimama pale na bakuli la uji mkononi, akimsikia mwanawe ndani akisema kwa upole, "Nakusikiliza, dada. Usiwe na haraka. Endelea."

Ndiyo kazi yake Lulu. Alisomea ustawi wa jamii Dar es Salaam, akarudi kwao Bagamoyo na kompyuta yake, akaajiriwa na kikundi cha washauri nasaha wanaohudumia watu kwa mtandao. Walimpigia kutoka Mtwara, kutoka Mwanza, hata Maskati: mke aliyenuniwa na mawifi, baba asiyesemezana na mwanawe, bibi harusi aliyeingiwa na hofu wiki moja kabla ya ndoa. Wote aliwasikiliza. Mama yake alijivunia kazi hiyo na mtaa mzima ulilijua hilo. Ila yeye mwenyewe, chini ya paa lile lile, hakuwa amesikilizwa dakika tano mfululizo tangu mfungo ulipoisha.

Na neno lenyewe halikuwa dogo. Bi Sikuzani alikuwa akisuka mikeka ya kuuza. Mwaka jana fundi seremala mmoja wa Kerege, Mzee Bwanausi, aliyefiwa na mkewe, alikuja kununua mkeka wa sebuleni. Baada ya mwezi akaja kuchukua wa pili. Kisha wa tatu. Alipokuja kuagiza wa nne, Bi Sikuzani akamuuliza, "Mzee wangu, hiyo nyumba yako ina vyumba vingapi?"

"Viwili," akajibu yule mzee, akitazama vidole vya miguu yake. "Na kimoja kimejaa mbao." Halafu akajikaza. "Mikeka imenitosha, Bi Sikuzani. Sasa namtaka aliyeisuka."

Bi Sikuzani alicheka mpaka ukili aliokuwa akiusuka ukamponyoka. Hakusema ndiyo wala hapana. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na mumewe alikuwa kaburini mwaka wa tisa. Lulu ndiye mtoto wao pekee, na alikuwa mtoto wa baba haswa.

Aliyempa akili ni Samia, jirani yake mwenye kibanda cha vocha. "Si uweke miadi kama wateja wengine?" alimwambia. "Kikao cha kwanza bure." Wakaijaza fomu kwenye simu ya Samia. Jina: Mama S. Mshauri unayemtaka: Lulu. Shida yako: Mtoto wangu hanisikilizi.

Jumatano saa nne asubuhi Bi Sikuzani alikaa jikoni uani, kajifunga kanga mpya, simu ya Samia kaiegemeza kwenye kopo la unga. Uso wa Lulu ukatokea, umejaa tabasamu la kazini.

"Karibu sana, mama, jisikie hu…" Sauti yake ilikuwa imesikika mara mbili, simuni na dirishani. "Mama?"

"Marahaba."

"Mama, umebonyeza vibaya."

"Sijabonyeza vibaya. Jumatano, saa nne kamili. Ni zamu yangu."

"Si ungekuja tu chumbani?"

"Mlango wako umeandikwa nisigonge."

Lulu alijifunika uso kwa viganja. Alikuwa anacheka, na masikio yalikuwa yanamuwaka kwa aibu. "Mama, maadili yetu hayaniruhusu kumshauri ndugu. Siwezi kuwa mtoto wako na mshauri wako kwa wakati mmoja. Njoo tuzungumze tu."

"Utapigiwa simu. Nipe mwingine. Nimeshavaa mimi."

Lulu hakuwa na la kufanya. Akamhamishia kwa mwenzake, Haidar, aliyefanyia kazi Chalinze. Haikupita dakika, kijana mwenye miwani akasema shikamoo kwa adabu zote. Bi Sikuzani aliitikia, na wakati huohuo akaliona pazia la chumba cha uani likitikisika. Akabeba simu, akahamia upande wa pili wa nyumba.

Akamweleza Haidar yote. Kijana hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, akamuuliza, "Na huyo mzee, mama, unamtaka?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, hata yeye mwenyewe hakuwa amejiuliza. "Namtaka," akasema, akashangaa jinsi lilivyotoka upesi.

"Kinachokuzuia ni nini?"

Alidhani atasema majirani, au umri. Kilichomtoka kikawa kingine. "Naogopa Lulu ataona nimemsahau baba yake." Akajipangusa macho kwa pindo la kanga.

Haidar akamngoja amalize kujipangusa. Kisha akasema, "Nimekusikia, mama. Lakini mwenye kulijibu hilo yuko hapo nyumbani kwako."

Aliporudi jikoni, Lulu alikuwa kasimama mlangoni, kanuna.

"Haidar kanikatalia."

"Kakukatalia nini?"

"Kuniambia mlichozungumza. Nimembembeleza weee! Anasema siri ya mteja."

"Kijana kafundwa yule," alisema Bi Sikuzani, akaanza kuchagua mchele kana kwamba hana habari.

Lulu akarudi chumbani. Alipotoka tena mikono ilikuwa mitupu. Simu kaizima, kaiacha kitandani, na wateja wa asubuhi ile kamwachia Haidar. Akaketi chini, akajisogeza hadi goti lake likagusa la mama yake. "Haya, mama. Niambie."

Bi Sikuzani akaanzia mkeka wa kwanza. Alipofika wa tatu Lulu akaruka. "Ule wa maua mekundu? Niliokuomba ukaninyima?"

"Ulikuwa na mwenyewe."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kicheko kilipokwisha, Lulu aliinama, sauti ikapungua. "Mimi nilidhani namkumbuka baba peke yangu. Hatumtaji humu ndani."

"Nilikuwa naogopa utalia."

"Na mimi nilikuwa naogopa utalia wewe."

Basi wakamtaja. Walimtaja alivyoimba kaswida kwa sauti mbovu akinyoa ndevu, alivyomkemea jogoo wake kama mtu mzima mwenzake, alivyolia siku Lulu alipopanda basi kwenda chuoni, akasingizia vumbi. Wali ukaungua, wakaula hivyohivyo.

Mzee Bwanausi akapelekewa jibu, na mwezi haukuisha wazee wa Kerege wakaja naye kuposa. Muhidini, kaka yake Bi Sikuzani na walii wake, akawapa sharti la dada yake: hahami Bagamoyo, anayetaka mke ahamie yeye. Mzee Bwanausi hakungoja wazee washauriane. "Nitahamia," akasema, watu wakaangua kicheko.

Ndoa ikafungwa Ijumaa. Jumamosi asubuhi Lulu alipotoka uani alimkuta bwana harusi kapiga magoti mbele ya mlango wa jikoni, msumari mdomoni, akirekebisha bawaba.

"Shikamoo," alisema Lulu, kisha akakwama. "Sijui nikuiteje."

Mzee akautoa msumari mdomoni. "Marahaba, mwanangu. Niite utakavyoweza. Sina haraka."

Lulu akafikiri. "Kwa sasa nitakuita fundi."

"Fundi nimezoea," alisema, akaendelea na bawaba yake.