Kichanja Kilichokwama Forodhani

Mama Randa alikuwa seremala kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo swali lililomchoma kuliko mengine lilikuwa fupi: "Fundi yuko wapi?" Mteja anaingia karakana, anamkuta kainamia meza, vumbi la mbao limemjaa mpaka kwenye kope, randa iko mkononi, naye bado anauliza fundi yuko wapi. Zamani alikuwa akijibu kwa adabu. Siku hizi alikuwa akisema, "Katoka, kaniachia mikono yake," kisha anaendelea kupiga randa mpaka mteja aone haya mwenyewe.

Kwa hiyo mume wa mdogo wake alipomfuata karakana na kumwita fundi bila kuuma maneno, moyo ulimlainika. Shemeji huyu alikuwa mpima ardhi, mtu wa suruali zilizonyoka kwa pasi, na maradhi yake yalikuwa ya namna moja tu: muziki. Sebuleni kwake alikuwa na mashine ya santuri, amplifaya nzito kama mtoto wa darasa la kwanza, na spika mbili zinazomfika mtu kiunoni. Mashine na amplifaya zilikaa juu ya kabati la vyombo la mkewe, na hapo ndipo palipokuwa na kero. Mtu akipita na viatu, sindano inaruka. Besi ikishuka, vikombe kabatini vinaitikia.

Alileta picha aliyoikata gazetini, ya stendi ya kigeni, akaomba atengenezewe kama ile. Mama Randa aliitazama, akamwambia kwamba miguu ile ya mbu inafaa kupigwa picha, haifai kubeba mzigo. Yeye angemtengenezea kichanja chake mwenyewe. Shemeji akakubali, akasema mtaalamu ni yeye.

Kazi ilikula wiki saba. Alitafuta mbao za mninga zilizokauka sawasawa, akaziunga mbili mbili kwa gundi kupata rafu tatu. Mdogo wake alikuja jioni kadhaa kumshikia mbao gundi ikauke. Miguu haikupigwa msumari hata mmoja. Aliichonga ndimi za kuingia kwenye matundu ya rafu, akaikaza kwa kabari. Chini ya kila rafu aliweka vipande vinne vya mpira wa tairi kuukuu, ili mtikisiko wa sakafu uishie hapo hapo usipande juu. Rafu mbili alizitupa kwa sababu zilipinda upana wa ukucha. Mtu mwingine asingeuona ule mpindo. Yeye aliuona, na usingizi ungemkataa.

Kichanja kilipokwisha, shemeji aliomba kijaribiwe Jumapili alasiri mbele ya marafiki zake wawili. Mama Randa alifika na pimamaji yake na kitambaa cha kufutia. Mmoja wa wageni alikuwa daktari wa meno, mtu mpole wa maneno machache. Wa pili aliitwa Sikio. Huyu alikuwa ameendesha mitambo ya sauti kwenye kumbi za muziki maisha yake yote, na ilisemekana akisikia amplifaya ikikohoa tu, anakutajia umri wake. Akisifu kitu, kimesifika. Akikikunjia uso, mwenye nacho hukiuza.

Shemeji alimtambulisha Mama Randa kwa mkato: huyu ni dada wa mke wangu, kaja kunisaidia kunyanyua vitu. Mama Randa alidhani utambulisho kamili ungefuata baadaye. Akaketi kwenye kigoda karibu na mlango.

Kwanza walipiga santuri ikiwa bado juu ya kabati. Mwanamke aliimba, gitaa la besi likamfuata nyuma, na vikombe vikaanza umbea wao kama kawaida. Daktari alivuka chumba makusudi, sindano ikaruka. Kisha wakahamishia vyombo kwenye kichanja. Mama Randa alipiga magoti, akaweka pimamaji, akasukuma kabari moja kwa kidole gumba mpaka kiputo cha hewa kikakaa katikati ya kioo chake. Akarudi kwenye kigoda chake.

Santuri ile ile ikapigwa tena, na safari hii vikombe havikuitikia. Besi, iliyokuwa ikivuma kama nyuki ndani ya debe, sasa ilitembea hatua kwa hatua, kila noti imesimama peke yake. Mwimbaji alisikika akivuta pumzi kabla ya kila mstari. Daktari alikwenda dirishani na kurudi na viatu vyake vizito, na sindano haikutetereka. Wimbo ulipokwisha, Sikio alitoa leso akajifuta macho, wala hakuficha.

"Kazi hii," alisema, "imetoka wapi?"

Mama Randa alinyoosha mgongo. Alikuwa amekwisha kuchagua neno la unyenyekevu la kujibu sifa.

"Ng'ambo," alisema shemeji. "Niliagiza. Kilikwama forodhani wiki saba nzima, nilikaribia kukata tamaa."

Wiki saba. Hata siku hakuzipunguza. Jasho lake, vidole vyake vilivyochubuka, rafu mbili alizozitupa, vyote vilikuwa vimewekwa forodhani vikisubiri mhuri. Mama Randa alimtazama mdogo wake, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kitambaa mkononi. Macho ya mdogo wake yalimwomba: si mbele ya wageni, dada. Naye, kwa ajili ya nyumba ile, akameza.

Pengine angemeza yote, lakini Sikio aliendelea. Alipapasa ukingo wa rafu akasema kwamba hiyo ndiyo tofauti ya wenzetu na sisi. Mafundi wa huku hawana subira. Ungewapa kazi hii wangekushindilia misumari, wakupake vanishi juu, basi.

"Kichanja hicho nimekitengeneza mimi," alisema Mama Randa.

Alisema taratibu. Wanaume watatu waligeuka. Shemeji akacheka, akampiga daktari begani, akasema wasimjali, mtu na shemeji yake hawaachi kutaniana. Na wageni, kwa kuwa walikuwa watu wa adabu, wakacheka naye.

Kicheko kile ndicho kilichomchemsha damu. Uongo ungeweza kuwa wa woga, na woga husameheka. Lakini kumgeuza yeye kuwa mzaha, mbele ya kazi yake mwenyewe, ndani ya nyumba ya mdogo wake, hapo mtu alikuwa amevaa miwani ya mbao. Tena mbao zake yeye.

Aliinuka. Akainua mashine ya santuri akaiweka kabatini, akarudi kwa amplifaya, shemeji akiuliza anafanya nini. Kisha akagonga kabari kwa kiganja, moja baada ya moja. Hazikufika dakika mbili, kichanja kizima kilikuwa kimelala juu ya zulia: miguu, rafu, na rundo la vipande vya mpira.

"Aliyekiagiza akiunge," alisema.

Shemeji aliokota mguu mmoja, akautazama juu na chini. Akaujaribu kwenye tundu, haukuingia. Akaugeuza, haukuingia pia. Akasema karatasi ya maelezo ameisahau mahali fulani. Hapo mdogo wake Mama Randa alitoka mlangoni pa jikoni.

"Dada hatanii," alimwambia mumewe. "Hizo mbao nilizishika mimi gundi ikikauka. Na wewe ulikuwa ukijua ninakokwenda."

Shemeji aliketi, na mguu wa kichanja ukabaki mapajani mwake. Sikio alikohoa. Alikunja leso, akatafakari, kisha akasema kwamba, kwa kweli, akikumbuka vizuri, besi ilikuwa imechelewa kidogo mle katikati. Kitu kidogo tu. Sikio lisilozoea lisingeking'amua.

Daktari wa meno alimkodolea macho. "Bwana, si ulilia?"

Sikio akaitia leso mfukoni. Mama Randa hakupoteza muda na mtu ambaye masikio yake yalihitaji kwanza kuambiwa chombo kimetoka wapi. Alikusanya mbao zake. Daktari alimsaidia kuzibeba mpaka kwenye gari lake, akamfikisha karakana, na njiani aliomba radhi kwa kucheka.

Siku ya nne shemeji alikuja. Alisema alikuwa ameona aibu. Kwamba Sikio asingekisikiliza hata kidogo kama angejua kimetoka mtaa wa pili. Akaomba yaishe. Mama Randa alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupiga msasa, kisha akamwambia kwamba jambo lililosemwa mbele ya watu halifutwi uchochoroni. Awakusanye wale wale, mle mle, aseme kwa mdomo ule ule.

Jumapili iliyofuata aliwakusanya. Alisimama katikati ya sebule akasema, akitazama zulia, kwamba kichanja ni kazi ya shemeji yake.

"Ongeza sauti kidogo," alisema Mama Randa. "Spika zako zinasikika kukushinda."

Akarudia, safari hii akimtazama. Mama Randa akaziingiza mbao zake, akaunga kichanja, akaweka pimamaji, akamuaga mdogo wake, akaondoka kabla santuri haijawekwa. Hasira ilikuwa imepungua, lakini haikuwa imekwisha, na hakuona sababu ya kuifukuza.

Jumatatu asubuhi Sikio alibisha karakana. Alitaka kichanja kama kile, tena cha rafu nne. Mama Randa alikwisha kuchukua penseli aandike vipimo, ndipo mzee wa watu aliposogea karibu akashusha sauti. Je, isingewezekana kubandika mbele kibao kidogo chenye maandishi ya kigeni? Kwa ajili ya wageni tu.

Mama Randa aliirudisha penseli nyuma ya sikio.

"Fundi katoka," alisema, akaichukua randa yake.